Maji Hayajalala

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na sio kwa sababu nina kichwa kizuri. Kichwa chenyewe kibovu. Juzi nimemwita mbuzi kwa jina la shemeji yangu, na aliyekasirika ni mbuzi. Lakini siku hiyo imekaa kichwani kama kutu kwenye nati, haitoki hata ukiipiga nyundo.

Ilikuwa miaka ya tisini inaisha, wakati wa ile mvua ya El Nino. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako alikuwa bado anatongoza kwa barua alizoandikiwa na mwenzake. Mvua ilinyesha mpaka vyura wakaomba jua. Shamba maji, njia maji, choo maji. Mto Tana ulikuwa umetoka kitandani mwake, unatembelea watu nyumba kwa nyumba bila kupiga hodi.

Mimi nilikuwa fundi wa magari hapa Garsen, chini ya turubai langu karibu na barabara. Shule niliishia darasa la nane. Sikufukuzwa, mimi na shule tulichokana tu. Watu waliniita Redio kwa sababu nilikuwa sizimwi. Nafungua nati naongea, nafunga nati naongea. Mteja alikuja na gari inagonga, akarudi kwake mbavu zinamuuma kwa kicheko, na gari bado inagonga.

Kando ya turubai langu alikaa Bi Hawaye, mama wa Kiorma, anauza maziwa. Mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na ulimi wake pia ulikuwa fimbo. Mimi nikifungua mdomo asubuhi yeye ananiambia, "Redio, punguza sauti, maziwa yangu yataganda." Tulipendana sana na yule mama. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Sasa asubuhi hiyo ikaja Landrova ya Mzee Komora. Mzee Komora alikuwa Mpokomo, mkulima wa ndizi na mpunga, na Landrova yake ilikuwa imenizidi umri na labda heshima pia. Ilikuja ikilia. Sisemi kunguruma, mwanangu, nasema kulia. Kiiii, kiiii, kama paka amekanyagwa mkia, na mbele inatoa mvuke.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Naona gari yako inapika chai na sisi haijatukaribisha."

"Marahaba. Redio, leo usiniletee mchezo. Mama yuko Chara."

Hapo nikaacha mzaha, kwa sababu Mzee Komora alikuwa mtu wa kucheka. Mtu wa kucheka akikataa kucheka, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Watu wa Kinakomba, huko juu ya mto, walikuwa wametuma neno kwamba maji makubwa yamewapita na yanashuka kuja kwetu. Maji ya Tana hayana siri, yakianza safari juu, sisi wa chini tunayangoja kama mgeni mbaya. Mama yake Mzee Komora alikuwa kikongwe, anakaa Chara kwenye kijumba chake, na njia ya kumfikia ilikuwa tuta moja la udongo katikati ya mabwawa. Tuta lilikuwa bado linapitika. Jioni, maji ya Kinakomba yakifika, hakuna tuta.

"Si apande mtumbwi?" nikauliza.

"Mama hapandi mtumbwi. Tangu mto umchukue baba, hajaweka mguu kwenye mtumbwi. Wamemwendea majirani, amewafukuza kwa mwiko. Amesema atatoka na Landrova ya mwanawe au hatoki."

Na Landrova ya mwanawe ndiyo hiyo, inalia kama paka.

Nikafungua boneti. Nikashika feni, nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Chini yake maji yanadondoka, tone, tone, mekundu. Sikuhitaji kufikiria. Pampu ya maji imekwisha. Ile pampu, mwanangu, ndiyo moyo wa maji ya injini. Inayasukuma yazunguke, yaingie kwenye injini yachukue joto, yaende kwenye rejeta yapoe, yarudi tena. Ikifa hiyo, injini inajipika yenyewe na hakuna atakayeila.

"Mzee, hii pampu imekufa. Na Malindi hakuendeki, njia imekatika. Tutatoa wapi nyingine?"

Mzee Komora akaangalia chini. Akazunguka nyuma, akainua kiti, akatoa kifurushi cha kanga. Akakifungua polepole kama anayefungua hirizi. Ndani, pampu mpya, inang'aa!

"Imekaa hapo tangu lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa naitunza."

"Unaitunza? Mzee, pampu sio bibi harusi! Gari inalia kiu, dawa umeikalia!"

Bi Hawaye akacheka mpaka kibuyu kikamtikisika. "Komora, kweli wewe ni mtu wa ajabu. Ng'ombe anakufa na dawa iko kwenye mfuko."

"Nilisema iende kidogo," akasema mzee. "Kidogo tu. Nilisema bado ina nguvu."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza kwamba mficha pampu hafiki Chara. Lakini siku hiyo sikusema, nilikuwa nimeshachukua spana.

Nikafungua bomba la chini la rejeta nitoe maji. Wallahi, hayakuwa maji, ule ulikuwa uji wa wimbi. Ulitoka mzito, mwekundu, unajiviringa. Nikatoa mkanda, nikatoa feni, nikafungua mipira, nikafungua bolti moja moja na kuzipanga juu ya mfuko jinsi zilivyokaa, ndefu kwake na fupi kwake. Hilo usilisahau ukishika kazi ya mkono. Bolti zinafanana kama mapacha, lakini kila moja inajua shimo lake, na ukiilazimisha kwenye shimo la mwenzake itakuharibia nyumba. Pampu ikatoka. Yale mapanga yake ya ndani ya kusukumia maji yalikuwa yameliwa, yamebaki kama meno ya babu. Na kila pembe imejaa tope, laini, limeshindiliwa.

"Mzee, hii gari unaipa maji ya wapi?"

"Ya mto. Kwani kuna maji mengine?"

Alisema kweli, na alikuwa hayuko peke yake. Kila mwenye gari hapa alifanya vile. Rejeta ikipungua, unasimama mtoni, unachota na debe, unamimina, unaondoka. Gari ikifa unasema gari za siku hizi hazidumu.

Nikasuuza injini na rejeta kwa ndoo za maji ya mafuriko mpaka ule uji ukaisha kutoka, ingawa rejeta nusu yake ilikuwa imeshaziba. Nikakwangua ule uso wa chuma pampu inapokaa kwa wembe mpaka ukawa laini. Gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu ya kuziba kati ya pampu na injini, ilikuwa imevunjika, na mpya panya wameila ndani ya kanga, panya wa Mzee Komora walikuwa wameshiba. Basi nikachukua boksi la majani ya chai, nikaliweka juu ya pampu, nikaligonga pembeni kwa nyundo ndogo, tik, tik, tik, mpaka likajikata lenyewe kwa umbo la pampu. Nikalipaka grisi. Nikapachika pampu, nikakaza bolti kwa kuvuka, huku kidogo na kule kidogo, kama unavyofunga mzigo juu ya punda, maana ukikaza upande mmoja wote, mzigo unalala. Mkanda nikauvuta mpaka ukawa unabonyea kwa kidole kidogo tu. Na mdomo wangu haukupumzika. Niliimba, nikamtania Mzee Komora kuhusu panya wake, na watu wakajaa kuangalia. Wengine walikuwa na ndugu Chara, walitaka kupanda wakawalete.

"Tayari!" nikasema. "Leteni maji!"

Vijana wakakimbia. Maji yalikuwa hapo hapo, mtaroni. Wakarudi na ndoo, maji mekundu yanarukaruka. Mzee Komora mwenyewe akachukua ndoo ya kwanza, akainua juu ya rejeta.

Bi Hawaye akaja akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa rejeta.

"Toa mkono, mama," akasema Mzee Komora.

"Sitoi. Haya maji hayajalala."

Mwanangu, labda wewe uliyezaliwa na maji ya mfereji nyumbani hujui neno hilo. Sisi watu wa Tana maji tulikuwa hatunywi vile yalivyotoka mtoni. Unachota, unamimina kwenye mtungi, unaacha. Yanalala. Tope linashuka chini, asubuhi unachota juu polepole, maji meupe. Mtoto akitikisa mtungi anachapwa. Mwenye haraka anatia shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, lakini siku zile za mafuriko shabu ilikuwa imeisha madukani. Jambo hilo kila Mpokomo alilijua kabla ya kujua jina lake.

"Hii ni gari," Mzee Komora akasema. "Sio mtu."

"Mimi ni Muorma. Kwetu mnyama anakunywa kwanza, halafu mtu. Unajua kwa nini? Kwa sababu mtu hawezi kumbeba mnyama, lakini mnyama anambeba mtu. Na mimi simpi ng'ombe wangu maji ambayo siwezi kunywa mwenyewe. Wewe Komora, mama yako akikuona leo unampa anayekubeba maji haya, atakwambia nini?"

Mzee Komora akaiangalia ndoo. Lakini watu walikuwa na la kusema. Mmoja akapiga kelele, "Huyu mama anatuchelewesha, watu wanakufa Chara!" Mwingine akasema mambo ya kabila ambayo sitayarudia, kwa sababu aliyesema ameshazikwa, na maneno mabaya sio sanda.

Bi Hawaye hakumwangalia hata mmoja. Aliniangalia mimi. "Redio. Wewe ndiye fundi. Leo ongea ya maana."

Ukitaka kumfunga mdomo mtu wa maneno, mwambie aongee ya maana. Nilikuwa na jibu na sikulipenda. Nikamwambia mzee ukweli. Rejeta imeziba nusu. Ukiipa tope tena, labda utafika, labda utachemka katikati ya tuta. Ukichemka pale huwezi kugeuza, huwezi kwenda mbele, na maji yanakuja.

"Na yakilala, yanalala mpaka lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mpaka kesho."

Kesho Chara isingekuwepo. Sote tulijua. Akashusha ndoo chini. Nimeona watu wazima wakilia, mwanangu, lakini yule hakulia. Alisimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Huku pampu iko mpya, gari iko nzima, na maji yamejaa mitaroni, hakuna la kufanya.

Ndipo Bi Hawaye akafanya kitu. Akaenda mahali pake, akachukua kibuyu kidogo, sio cha maziwa, kile chake cha maji ya kunywa. Maji aliyoyalaza yeye usiku kwake. Ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kumpeleka mpaka jioni. Akaja, akamimina kwenye rejeta. Yaliingia bila hata sauti, yalikuwa kidogo sana.

"Wengine mna mitungi nyumbani," akasema. "Au mnangoja mimi nikojoe?"

Watu wakacheka, halafu wakatawanyika. Wakarudi na vikombe, na masufuria, na chupa za soda, na birika. Yule aliyekuwa anasema mambo ya kabila akarudi na nusu mtungi begani, na mke wake nyuma anamtukana. Kumbuka siku zile maji safi yalikuwa yanatafutwa kuliko unga. Watoto walikuwa wanaharisha kila nyumba. Mtu akitoa maji yake yaliyolala, ametoa afya ya watoto wake. Na waliyatoa, wakayamimina kwenye mdomo wa Landrova kuukuu. Aliyemimina wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Kigiriama, kikombe kimoja cha bati. Akasema, "Na mimi nihesabiwe," akageuka akaenda.

Rejeta ikajaa. Mzee Komora akawasha. Nikatega sikio na hakuna paka. Ngurumo tu, nzito, ya mzee aliyelala vizuri.

Tulikwenda wawili tu, nafasi zibaki za kurudisha watu. Nilijisemea naenda kwa sababu ya pampu, lakini kweli ni kwamba sikuweza kubaki. Juu ya tuta maji yalikuwa kulia na kushoto, yanalamba. Mzee Komora hakuangalia njia, aliangalia mshale wa joto. Ulipanda mpaka katikati, ukasimama hapo. Kila akiugusa kwa kidole namwambia, "Mzee, mwache, ana haya."

Chara tukamkuta mama yake mzee amekaa mlangoni, mdogo kama mtoto, na mwiko bado mkononi. Akamwambia mwanawe, "Umekawia."

"Gari ilikuwa inatengenezwa, mama."

"Na huyu ni nani?"

"Fundi."

"Mbona hajafunga mdomo?" Kweli nilikuwa nimeacha mdomo wazi, nilikuwa naangalia maji yalivyofika nyuma ya nyumba yake. Akapanda mbele, na kuku wake mapajani. Nyuma tukajaza wazee na watoto mpaka springi zikaomba msamaha. Tukarudi pole pole, na pale katikati maji yalikuwa yanavuka tuta, yanapita chini ya matairi kama nyoka. Pampu ilisukuma. Mshale haukutoka mahali pake. Yule mama alifumba macho safari yote, akamshika mwanawe mkono wa shati.

Tukafika Garsen jua linashuka. Watu wakatuzunguka, wakashusha wazee, kila mtu anashika mtu wake. Yule kikongwe akaketishwa kwenye kigoda cha Bi Hawaye. Akapumua, akasema, "Nipeni maji ninywe."

Watu wakaangaliana. Pale barabarani pote hapakuwa na tone la maji safi. Gari ilikuwa imekunywa yote.

Mzee Komora akapiga magoti mbele ya mama yake akamweleza. Pampu, kanga, panya, ndoo, kiganja cha Bi Hawaye, vikombe. Hakuficha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, midomo imekauka.

"Unataka kuniambia hawa watu wote wamekaa na kiu tangu asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mama wa Kiorma ndiye aliyekuzuia?"

"Ndiye."

Akamgeukia Bi Hawaye. Hawakujuana, lugha zao mbali. Akamshika mkono tu, kwa muda. Halafu akasema, "Leteni ndoo ya mto. Wekeni hapa katikati. Asiitikise mtu. Kama ninyi mmengoja, na mimi nitangoja."

Tukaweka ndoo. Tukakaa kuizunguka, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, kuku mmoja, na mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikusema neno. Tulikuwa tunaangalia tope likishuka, kidogo kidogo, na maji juu yakianza kuonyesha uso wa mbingu. Ungetuona ungedhani tumefiwa, lakini hakuna aliyefiwa. Kwamba hakuna aliyefiwa, ndicho kitu chenyewe tulichokuwa tunaangalia.

Wengi wao sasa wamekwenda mbele ya haki. Bi Hawaye alirudi kwao upande wa Bangale na ng'ombe waliobaki, na nikasikia habari yake ya mwisho kwa dereva wa mifugo. Natamani angeniambia tena nipunguze sauti. Siku hizi napunguza mwenyewe na hakuna raha.

Basi nisikilize, mwanangu, sitasema mengi, na ukisema nimesema mengi nitakataa. Kitu kinachokubeba, kiwe gari, kiwe mke, kiwe rafiki, kiwe mwili wako huo unaoulisha chipsi kila siku, usikipe ambacho wewe mwenyewe huwezi kunywa. Kitanyamaza, kitakubeba, utadhani kimekubali. Kumbe tope linakusanyika ndani. Na kikianza kulia, kisikilize siku hiyo hiyo, usikalie dawa chini ya kiti ukisema bado kina nguvu. Na siku ukiwa na haraka ya kweli, haraka ya kufa na kupona, akatokea mtu akaweka kiganja akasema ngoja, usimuulize kwanza ni wa kabila gani. Muulize ameona nini. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na siku ile mwenye pupa asingemdiriki hata mama yake.

Haya, inuka, shati lako limejaa vumbi. Mungu akutie nguvu za mikono na upole wa ulimi, huu wa pili mimi alinisahau. Akujalie majirani wenye mitungi, na wewe mtungi wako usiufunike mtu akibisha. Uwafikie unaowapenda kabla ya jioni. Amina, mwanangu. Amina.